Sifuri ya Kweli na Sifuri ya Uongo

Mwanafunzi mpendwa,

Katika somo lililopita la ukanushaji nilikupa sentensi tatu uzilinganishe: "Hakuna mgonjwa", "Hatujaona mgonjwa" na "Hatukutafuta mgonjwa". Baadhi yenu mlijibu kwamba zote tatu zina maana moja, kwa kuwa mwishowe hakuna mgonjwa aliyepatikana. Nimezisahihisha karatasi zenu kwa wino mwekundu, lakini naona wino hautoshi. Sentensi ya kwanza inaeleza hali ilivyo. Ya pili inaeleza mipaka ya macho yetu, na kile kiambishi cha -ja- kinauacha mlango wazi: huenda tukamwona kesho. Ya tatu ni ungamo. Anayezichanganya sentensi hizi katika mtihani hupoteza alama mbili. Serikali inayozichanganya katika ripoti ya magonjwa hupoteza raia.

Hili ndilo ninalotaka kulitetea leo. Udhaifu mkubwa wa takwimu za ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza katika nchi zetu unatokana na sifuri za uongo. Na sifuri hizo huandikwa, mara nyingi, na watu waaminifu tuliowazoesha kuogopa kusema "sijui".

Nitaanza na jambo lililonifanya niandike. Binti mmoja niliyemfundisha miaka ya nyuma sasa ni karani wa kumbukumbu katika kituo cha afya huko wilayani. Kila Jumatatu asubuhi hujaza ripoti ya wiki iliyopita. Fomu hiyo ina orodha ya magonjwa ambayo nchi haitaki yaipite bila kuonekana: kipindupindu, surua, homa ya uti wa mgongo, tauni, kupooza kwa ghafla kwa watoto, homa zinazotoa damu, na mengineyo. Mbele ya kila ugonjwa pana kisanduku cha idadi ya wagonjwa na kisanduku cha vifo. Basi, wiki moja muuguzi wa zamu alikwenda mazishini, mganga akaitwa kwenye semina, na chumba cha wagonjwa wa nje kikafungwa kwa siku tatu. Wagonjwa walirudi makwao. Daftari halikuandikwa kitu. Jumatatu ilipofika, yule binti akanipigia simu na kuniuliza: "Mwalimu, hapa niandike nini?"

Alijua jibu la kweli. Jibu la kweli lilikuwa "sijui". Lakini fomu haina kisanduku cha "sijui". Akiacha nafasi tupu, mtu wa wilayani atapiga simu kulalamika kwamba ripoti haijakamilika. Akiandika maelezo pembeni, hakuna atakayeyaingiza kwenye mfumo. Akaandika 0, akashuka chini, akaandika 0 tena, mpaka mwisho wa ukurasa. Ripoti ikafika kwa wakati, ikiwa kamili, na kituo kikahesabiwa miongoni mwa vituo vilivyofanya vizuri.

Usimlaumu haraka. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameripoti kwamba wagonjwa wa kuharisha wameongezeka. Simu iliyomjia haikuuliza wagonjwa wanatoka kijiji gani wala wanakunywa maji ya wapi. Iliuliza: "Kwa nini kituo chako peke yake? Unataka tuletewe wageni?" Tangu siku ile, idadi ya wagonjwa wa kuharisha katika kituo hicho imekuwa ya kawaida. Imekuwa ya kawaida karatasini.

Sasa tazama namna tunavyoipima kazi ya watu kama yeye. Katika mfumo wa ufuatiliaji shirikishi wa magonjwa, ambao nchi za Afrika zilizo katika Shirika la Afya Duniani ziliukubali mwaka 1998, vipimo viwili vinavyotajwa kila mahali ni hivi: ripoti zimefika kwa wakati? Na ripoti zimefika zote? Lengo lililozoeleka ni asilimia 80. Sikatai kwamba vipimo hivi vina maana. Ripoti isiyofika haiwezi kumsaidia mtu. Lakini vyote viwili hupima safari ya karatasi, wala havigusi ukweli ulio ndani yake. Ni sawa na mwalimu anayesahihisha insha kwa kuhesabu kurasa. Wanafunzi wake watajifunza haraka sana kuandika kurasa nyingi.

Neno "sifuri" lilitujia kutoka Kiarabu, na huko kwenye asili yake lilimaanisha kitu kitupu. Katika lugha, basi, sifuri na utupu ni ndugu. Katika ripoti ya magonjwa ni maadui. Sifuri ni ushahidi: mtu amesimama na kusema, "Nimetazama, nimeuliza, nimepima, na sikumkuta." Nafasi tupu ni ukimya. Tunapougeuza ukimya kuwa ushahidi, tunafanya kile ambacho hakimu angetufunga kwa ajili yake.

Utauliza kama jambo hili limewahi kumdhuru mtu. Nitakupeleka kwanza mbali na kwetu, hadi Jimbo la Borno, kaskazini-mashariki ya Nigeria. Mwezi Julai 2014 Nigeria ilipata mgonjwa ambaye wengi waliamini ni wa mwisho wa polio ya asili. Mwaka ukapita bila mgonjwa mwingine, na Septemba 2015 Shirika la Afya Duniani likaiondoa nchi hiyo katika orodha ya nchi ambamo ugonjwa huo umekita mizizi. Watu walishangilia. Agosti 2016 ikatangazwa kwamba watoto wa Borno wamepooza kwa polio. Wataalamu walipochunguza vinasaba vya kirusi kile, walikuta kwamba jamaa yake wa karibu zaidi alionekana mara ya mwisho mle mle Borno mwaka 2011. Maana yake ni nini? Kirusi hakikuja kutoka nje. Kilikuwa kikitembea kutoka mtoto hadi mtoto kwa karibu miaka 5, katika vijiji ambavyo vita viliwazuia wachunguzi na wachanjaji wasivifikie. Taifa lilisema "hakuna mgonjwa". Sentensi iliyo sahihi ilikuwa "hatujaona mgonjwa, na kuna mahali hatukutazama". Tofauti ya kiambishi kimoja, na watoto wasioweza tena kutembea.

Linganisha na sifuri ya kweli, sifuri iliyotafutwa kwa jasho. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyepata ndui kwa njia ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Zingatia jambo hili: alipoanza kuumwa, waliomtibu walidhani ni malaria. Vipele vilipotoka, wakadhani ni tetekuwanga. Kama mambo yangeishia kwenye daftari, ndui ingepita pale ikiwa imevaa jina la ugonjwa mwingine. Alipotambuliwa, watu aliokutana nao walisakwa na kuchanjwa, na mnyororo ukakatika.

Je, baada ya hapo dunia ilitangaza ushindi? La. Kwa miaka 2 timu zilizunguka nyumba kwa nyumba katika Pembe ya Afrika zikimtafuta mgonjwa ambaye hawakutaka kumpata. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani liliahidi zawadi ya dola 1,000 kwa atakayeripoti mgonjwa wa ndui atakayethibitishwa. Hakuna aliyeweza kuichukua. Ndipo mwezi Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Sifuri ile ilikuwa na uzito kwa sababu mtu yeyote aliyeweza kuikanusha alikaribishwa, tena kwa malipo. Kwetu, anayeikanusha sifuri huulizwa anataka kutuletea wageni gani.

Turudi nyumbani. Uganda haina sababu ya kuonea haya elimu yake ya magonjwa. Taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, na kirusi cha Zika, ambacho leo dunia nzima inakijua, kilitambuliwa mwaka 1947 katika msitu ulio karibu na hapo. Tuna maabara, tuna wataalamu, tuna pikipiki zinazobeba sampuli kutoka vituo vya afya. Hata hivyo, kumbuka Mubende. Tarehe 20 Septemba 2022 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola aina ya Sudan. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa amekwisha kupita katika vituo viwili vya tiba kabla ya kufikishwa hospitali ya rufaa. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, hesabu ilikuwa hivi: wagonjwa 142 waliothibitishwa, ambao 55 kati yao walikufa, na wengine 22 walioandikwa "yamkini". Hao 22 walikufa kabla sampuli zao hazijachukuliwa.

Litafakari neno hilo, "yamkini". Lilikuja baadaye, wachunguzi walipopita wakiuliza ni nani alikufa, alikufa lini, na alimuuguza nani. Ebola huanza kwa homa, kichwa kuuma, viungo kuuma na uchovu. Ndivyo inavyoanza malaria pia. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Lakini wewe na mimi tunavijua vituo ambavyo vipimo vya haraka vimekwisha, na homa inaandikwa "malaria" kwa mazoea. Kisanduku kinachoandikwa hivyo hakina utupu wowote. Kimejaa, nacho kinasema uongo mara mbili: kinazidisha ugonjwa mmoja na kuuficha mwingine.

Nina mfano wa kinyume, na nakuomba uukumbuke kuliko tarehe zote za ukurasa huu. Oktoba 2000, wanafunzi wa uuguzi katika hospitali ya Lacor, Gulu, walianza kufa kwa ugonjwa usioeleweka. Dkt. Matthew Lukwiya alikuwa masomoni Kampala. Aliitwa, akarudi, akaketi na kupitia majalada ya wagonjwa, moja baada ya jingine, akitafuta dalili zinazofanana. Hakuwa na kompyuta ya kumwonyesha mchoro wenye rangi. Alikuwa na karatasi zilizoandikwa na wauguzi, na wauguzi hao walikuwa wameandika walichokiona. Alipoona kwamba ndani ya karatasi hizo mna homa inayotoa damu, aliiarifu Kampala bila kungoja barua zipande ngazi. Mlipuko ule uliwapata watu 425, na 224 kati yao walikufa. Yeye mwenyewe aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Hatuwezi kujua ni wangapi wangekufa kama majalada yale yangekuwa na sifuri za kufurahisha wakubwa. Tunajua tu kwamba alipoyafungua, yalimwambia kweli.

Sasa wapo watakaonipinga, nami nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza watasema dawa ya haya ni mashine. Tuna mfumo wa kompyuta wa DHIS2, unaotumika hapa, Kenya, Tanzania, Rwanda na kwingineko. Tuongeze vishikwambi, tuongeze mtandao, na takwimu zitanyooka. Sina ugomvi na mashine. Inakagua hesabu kwa haraka, na inamwonyesha afisa aliye Kampala kile kilichoandikwa jana kijijini. Lakini mashine husafirisha kilichoandikwa. Sifuri ya uongo iliyokuwa ikichukua wiki mbili kufika kwa gari sasa inafika kwa dakika moja, nayo inachorwa kwenye ramani ikiwa na rangi ya kijani kibichi inayomtuliza waziri. Kasi haijawahi kuugeuza uongo kuwa kweli.

Wa pili watasema ukweli utaleta hofu: watalii watakimbia, mipaka itafungwa, bei zitapanda. Hoja hii nzito, nami sitaidharau. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walieleza dunia juu ya aina mpya ya kirusi cha korona, iliyoitwa Omicron. Malipo yao yalikuwa kufungiwa safari za ndege na nchi tajiri katika muda wa siku chache. Lilikuwa tendo la aibu, na aibu ile ni ya waliofunga. Lakini tazama kwamba ni ugonjwa ule ule: dunia iliwafanyia wanasayansi wale kile ambacho wilaya ilimfanyia karani wangu. Anayelalamika kwamba dunia inawaadhibu wakweli, kisha akamkemea muuguzi aliyeripoti kuharisha, amejihukumu kwa kinywa chake.

Tena, kuficha hakujawahi kuwa nafuu. Jirani zetu wa Rwanda walitangaza homa ya Marburg tarehe 27 Septemba 2024, wakawa wakitoa hesabu zao hadharani. Waliougua walikuwa 66, wengi wao wahudumu wa afya, na waliokufa walikuwa 15. Kwa ugonjwa ambao katika milipuko mingine umewahi kuua zaidi ya nusu ya waliougua, hiyo ni idadi ndogo. Desemba mlipuko ukatangazwa kwisha. Wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Wa tatu watasema makarani wetu ni wavivu na hawana elimu. Hawa ndio wanaonikera zaidi. Kaa siku moja na karani mmoja. Utamkuta na daftari la wagonjwa wa nje, daftari la kifua kikuu, daftari la VVU, daftari la chanjo, daftari la wajawazito, na juu ya hayo daftari la kila mradi unaofadhiliwa na mgeni fulani, kila moja likitaka jina lile lile la mgonjwa yule yule kwa mpangilio wake. Ukimpa mtu mmoja kazi ya watu watano, kisha ukampima kwa kasi, umemwomba abuni. Naye amekutii.

Basi tudai nini? Nitasema machache.

Tudai fomu iwe na mahali pa kuandika "hatukutazama", pamoja na sababu yake. Jambo hili halihitaji mkopo wa benki. Linahitaji kisanduku kimoja, na mkubwa atakayekisoma bila kukasirika. Kituo kinachokiri mara kwa mara kwamba kilifungwa kitaionyesha serikali mahali pa kupeleka muuguzi wa pili. Kituo kinachoandika sifuri hakitaionyesha kitu.

Tudai kwamba idadi inapopanda, swali la kwanza liwe "Tukusaidie nini?" Simu moja ya hasira huharibu takwimu za mwaka mzima, kwa sababu habari zake huenea katika vituo vyote vya jirani kabla ya jua kuchwa.

Tudai takwimu zirudi zilikotoka. Karani hupeleka ripoti mara 52 kwa mwaka, na wengi hawapokei hata mara moja jibu linalosema: tuliona, tukapima, tukagundua hiki. Mtu anayeandika barua kila wiki bila kujibiwa huacha kuandika. Au huendelea kuandika lakini huacha kufikiri.

Na tudai vipimo na dawa za maabara vifike hadi kituo cha mwisho cha barabara, ili neno "malaria" katika daftari lirudi kuwa habari na liache kuwa desturi.

Utaniambia: mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, haya yananihusu nini? Yanakuhusu kwa sababu takwimu ya kwanza ya ugonjwa haiandikwi na daktari. Hutamkwa na mama anayemwambia mhudumu wa afya wa kijiji kwamba mtoto ana homa tangu juzi, na kwamba mtoto wa jirani alikufa kwa homa kama hiyo. Mara nyingi mama huyo na mhudumu huyo hawana lugha moja ya nyumbani. Amevuka mpaka kutoka Kongo, au amehama kutoka Arua kutafuta kazi. Lugha wanayokutana nayo njiani ni hii tunayojifunza. Ukimtafsiria "hajaharisha" kuwa "haharishi", umeshabadilisha takwimu ya taifa. Ndiyo maana nakusumbua na viambishi.

Kazi yako ya wiki hii, basi, ni hii. Nenda katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukutani utakuta michoro ya magonjwa, mingine ikiwa imefifia kwa jua. Usiulize jina la mgonjwa yeyote, hiyo ni siri yake. Soma tarehe ya mwisho iliyojazwa, kisha muulize karani kwa adabu: "Ndugu, mkifunga kituo, mnaandika nini?" Msikilize. Usimkaripie. Rudi uniandikie ukurasa mmoja, na kila unapotaka kuandika "hakuna", simama kwanza ujiulize kama ulitafuta. Kama hukutafuta, andika hivyo. Nitakupa alama zako zote.